Neno la Kiingereza Lisihukumiwe Peke Yake

Mara nyingi walimu na wazazi hutuuliza, "Mbona vijana wetu wajua maneno mengi ya Kiingereza, lakini barua zao hazieleweki?" Swali hili ni jema, nasi twapenda kulijibu mwezi huu. Lakini kabla ya kulijibu hatuna budi kuungama kosa letu wenyewe, maana mwalimu afichaye kosa lake hana uso wa kusahihisha la mwanafunzi.

Miaka kadhaa iliyopita wazee wa kijiji chetu walitafuta mtu wa kutunza ghala la chakula cha shule. Wakaja vijana wawili. Mmoja alikuwa na barua ya sifa, imeandikwa kwa Kiingereza na mtu aliyemtumikia miaka mitatu. Wazee wakatukabidhi barua ile, wakasema, "Mwalimu, wewe ndiwe uliyesoma. Tusomee." Tukavaa miwani, tukasoma. Katikati ya barua tukakuta ya kwamba kazi ya kijana huyu ilikuwa "invaluable". Neno hili hatukupata kuliona mbele ya siku ile. Walakini tulikuwa tumefundishwa shuleni ya kuwa "valuable" ni kitu cha thamani, tena ya kuwa "in" mbele ya neno huleta maana ya kukana. Tukajumlisha kama mtu ajumlishavyo hesabu, tukawaambia wazee, "Asema kazi yake haikuwa na thamani."

Wazee wakatazamana. Mmoja akauliza, "Ikiwa ni hivyo, mbona alimpa barua?" Tukajibu kwa kiburi kidogo ya kuwa watu wengine husema kweli hata katika barua ya kuagana. Kijana akarudishiwa barua yake, na ufunguo wa ghala akapewa mwenzake.

Baada ya miezi miwili yule aliyeandika barua akapita kijijini petu, akauliza habari za kijana wake. Tulipomweleza, akashika kichwa. "Niliandika," akasema, "ya kuwa kazi yake ina thamani kubwa hata haiwezi kukadiriwa!" Jioni ile tulikwenda kwa baba wa kijana, tukamwambia yote bila kuficha. Mzee akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, mwanangu amekwenda mjini kutafuta kibarua. Barua ile ameiacha hapa. Alisema hawezi kuchukua barua inayomtukana."

Tangu siku ile tumejiuliza, je, tulikosea wapi? Tumeona ya kuwa makosa yalikuwa mawili. La kwanza, tulilikata neno mahali pasipo kiungo. La pili, hatukuwauliza jirani zake. Na makosa haya mawili ndiyo tunayoyaona kila siku katika madaftari ya watoto na barua za watu wazima. Basi tuyaangalie moja moja.

JINSI NENO LIUNDWAVYO

Sisi wenye kusema Kiswahili tumezaliwa mafundi wa maneno, ila hatujui kwamba tunajua. Chukua shina la "pika". Kutoka hapo twapata mpishi, mapishi, upishi, pikia, pikisha, pikwa, pikika. Hakuna mama aliyemfundisha mtoto hesabu hii, walakini mtoto wa miaka minne aijua. Kiingereza nacho kina shina na vipande vyake. Tofauti iliyo kubwa ni hii: sisi twaonyesha wingi, nafsi na wakati kwa vipande vya mbele, na Kiingereza huvipenda zaidi vipande vya nyuma. Kwa hiyo asomaye Kiingereza na azoee kuutazama mkia wa neno kama tuzoeavyo sisi kuutazama uso wake.

Mkia wa kwanza ni "er", wa mtendaji. "Teach" ni kufundisha, na "teacher" ni mwalimu. "Read" ni kusoma, na "reader" ni msomaji. Mwanafunzi akiisha kuujua mkia huu hufurahi, kisha huubandika kila mahali, ndipo aangukapo. Maana "cook" ni kupika, na mpishi mwenyewe huitwa vivyo hivyo "cook". "Cooker" ni jiko. Kijana aombaye kazi ya upishi akiandika kwamba yeye ni "good cooker", amejisifu kuwa ni jiko zuri. Tena maneno mengine yamehama kutoka kwa mtu yakaenda kwa chombo. Zamani "computer" alikuwa mtu akaaye kitako akipiga hesabu kwa kalamu. Leo kila mtoto ajua ya kuwa kompyuta ni mashine.

Mkia wa pili ni "ee". Huu ulitoka katika Kifaransa cha mahakama za Uingereza, nao wafanya kazi kama "wa" yetu ya mwisho. "Employer" ni mwajiri, na "employee" ni mwajiriwa. Herufi moja tu yabadili nani bwana na nani mtumishi. Tumewahi kuona barua ya mfanyakazi kwa mkubwa wake, mwishoni ametia sahihi kama "employer" mwaminifu. Bila shaka mkubwa yule alistaajabu kuona ya kuwa ameajiriwa na karani wake.

Mkia wa tatu ndio uliotuangusha sisi, nao ni "able". Huu ni ndugu wa "ika" yetu. "Readable" ni kinachosomeka. "Washable" ni kinachofulika. Sasa rudi kwenye neno letu. "Value" ni thamani, tena ni tendo la kukadiria thamani. Ukitia "able" nyuma wapata wazo la kukadirika, na ukitia "in" mbele wapata isiyokadirika. Sisi tulilikata kama "valuable" iliyokanwa, kumbe kinachokanwa ni ule uwezo wa kukadiria! Na aibu yetu ni hii, kwamba Kiswahili kina neno hilo hilo, limejengwa kwa namna hiyo hiyo. Mtu akisema, "Msaada wako haukadiriki," hakuna Mswahili atakayedhani ya kuwa ametukanwa. Laiti tungalitafsiri kwa akili ya lugha yetu, tusingalimkosesha kijana riziki yake.

Mwenzake "invaluable" ni "priceless". "Price" ni bei, na "less" ni pasipo. Lakini kitu "priceless" si kitu cha bure, bali ni kitu ambacho hakuna bei itoshayo kukinunua. Kisichofaa kitu chaitwa "worthless". Tena mwangalie "shameful" na "shameless". Mkia "ful" husema kujaa, na "less" husema kukosa. Basi mtu angedhani ya kuwa moja ni baya na la pili ni jema. Sivyo. "Shameful" ni tendo lenye kuaibisha, na "shameless" ni mtu asiye na haya. Yote mawili ni mabaya, kama vile kwetu aibu ni ubaya na kukosa haya ni ubaya vile vile.

Sasa vipande vya mbele. "In" ya kukana ilitoka katika Kilatini, nayo hubadili sura kulingana na herufi inayoifuata. Mbele ya "p" huwa "im", kama "impossible", yaani isiyowezekana. Mbele ya "l" huwa "il", kama "illegal", yaani kinyume cha sheria. Mbele ya "r" huwa "ir", kama "irregular". Wanafunzi hulalamika, "Kwa nini lugha hii haitulii?" Na waulizwe wao, kwa nini twasema nyumba nzuri, kisha nyumba mbaya, kisha nyumba ndefu? Ile "n" yetu imekuwa "m" mbele ya "b", na "r" ya "refu" imegeuka "d". Ulimi hutafuta njia rahisi, wa Mwingereza na wa Mswahili pia.

Lakini jihadharini, kwa maana kuna "in" nyingine, nayo maana yake ni ndani. "Inhabited" ni mahali panapokaliwa na watu. Pasipokaliwa ni "uninhabited". Na neno la hatari kuliko yote ni "inflammable". Liliandikwa juu ya mapipa ya mafuta, na aliyeijua "in" moja tu alidhani ya kuwa mafuta yale hayashiki moto. Kumbe maana yake ni kitu kiwakacho upesi! Kosa hili liliwatisha hata wenye lugha. Kwa hiyo katika karne ya 20 wenye kazi ya kuzuia moto huko Marekani na Uingereza walishauri iandikwe "flammable", ili mtu asiungue kwa sababu ya sarufi. Akina mama wenye kuweka mafuta ya taa nyumbani na wawafundishe watoto ya kuwa maneno haya mawili yote husema jambo moja: weka mbali na moto.

Tena Kiingereza hupenda kufunga maneno mawili pamoja, na hapo desturi yake ni kinyume cha yetu. Sisi hutanguliza kitu chenyewe, ndipo tukieleze. Twasema "farasi wa mashindano". Mwingereza hutanguliza maelezo, na kitu chenyewe hukaa nyuma. "Racehorse" ni farasi wa mashindano, na "horse race" ni mashindano ya farasi. Kadhalika "housework" ni kazi za nyumbani. Bali "workhouse" ilikuwa nyumba ambamo maskini wa Uingereza walipewa chakula kwa kufanyishwa kazi ngumu. Sheria ya mwaka 1834 ilizieneza nyumba hizo, na watu waliziogopa sana mpaka zilipoondolewa katika sheria mwaka 1930. Basi msichana aandikaye ya kuwa apenda "workhouse", na asishangae akihurumiwa.

Wasomaji wetu watapenda kujua ya kuwa hata maneno ya Biblia ya Kiingereza yalijengwa hivi. William Tyndale, aliyepiga chapa Agano Jipya kwa Kiingereza mwaka 1526, alilitumia neno "atonement". Likate vema uone: "at one" ni kuwa wamoja, na "ment" ni mkia wa kufanya jina la jambo. Yaani ni kufanywa kuwa wamoja, ambalo sisi twaliita upatanisho. Na katika vitabu vya Musa alivyovitoa mwaka 1530 aliandika "scapegoat", yaani mbuzi aachwaye aende zake. Alikuwa mtu mwenye kujua viungo vya lugha yake, akatengeneza maneno ambayo mkulima angeweza kuyaelewa.

JINSI NENO LITUMIKAVYO

Sasa twaja kwenye kosa la pili. Tulipoisoma tena barua ya kijana, tuliona ya kuwa sentensi iliyofuata ilisema bwana wake anaagana naye kwa huzuni, na iliyofuata hiyo ilimsihi atakayempata asimwache. Je, nani ahuzunikaye kuagana na mtu asiyefaa kitu? Jirani za neno lile walikuwa wakipiga kelele kwamba tumekosea, nasi tuliziba masikio. Hata yule mzee asiyejua Kiingereza aliliona jambo hili alipouliza, "Mbona alimpa barua?" Yeye alitazama barua nzima, sisi tulitazama neno moja.

Katika Kiswahili hatufanyi hivyo. Tuna neno "barabara". Ukikaza sauti kwenye silabi ya tatu, ni njia kuu. Ukikaza kwenye silabi ya pili, ni sawasawa, kama inavyopasa. Hatukosei, maana jirani zake hutuonyesha. Kiingereza nacho kina maneno kama "record". Ukikaza mwanzo wake, ni kumbukumbu iliyoandikwa. Ukikaza mwisho wake, ni tendo la kuiandika. Sura ni moja, kazi mbili, na sentensi ndiyo mwamuzi.

Angalieni tena neno letu "piga". Twapiga ngoma, twapiga pasi, twapiga simu, twapiga picha, twapiga magoti, twapiga hodi. Mtoto akitafsiri "piga" kwa neno moja la Kiingereza kila mahali, ataonekana kuwa mkatili sana, apigaye nguo na simu na magoti yake kwa fimbo. Kiingereza nacho kina maneno yapendanayo. Kosa mtu "hulitengeneza", husema "make a mistake". Kazi ya shule "huifanya", husema "do homework". Mvua kubwa kwao ni nzito, "heavy rain". Ukiuliza sababu, hutapata sababu nyingine isipokuwa kwamba maneno hayo yameoana zamani, na ndoa ya watu hatuivunji.

Mengine yametengwa na historia. Mwaka 1066 William wa Normandy aliishinda Uingereza, na kwa muda mrefu wakubwa wa nchi walisema Kifaransa, na watu wa shamba walisema Kiingereza cha kale. Basi ng'ombe malishoni akaendelea kuitwa "cow", lakini nyama yake mezani ikaitwa "beef", neno la Kifaransa. Kondoo ni "sheep", nyama yake "mutton". Nguruwe ni "pig", nyama yake "pork". Sisi twasema nyama ya ng'ombe, yatosha. Mgeni akimwambia Mwingereza ya kuwa jana alikula "cow", ataeleweka, lakini mwenyeji wake atamwona kama aliyemmeza mnyama na pembe zake.

Tena neno likihama nchi hubadili tabia. Waingereza walichukua neno letu "safari". Kwetu kwenda kumtazama mama mgonjwa ni safari, hata kama ni mwendo wa siku moja kwa basi. Lakini kwa mtu wa London "safari" ni kwenda kutazama au kuwinda wanyama wa porini. Mwalimu akimwandikia ya kuwa alikuwa "on safari" kwa sababu ya ugonjwa wa mama yake, msomaji atadhani alimwacha mgonjwa akaenda kutazama simba. Nasi tumewatendea wao vivyo hivyo. Neno lao "mudguard" tulilisikia kama "madigadi", tukadhani ile "ma" ni ya wingi, tukapata "digadi" moja. Wasitucheke, maana nao walikuwa na neno "pease" la njegere, wakadhani sauti ya mwisho ni ya wingi, wakaikata wakapata "pea" moja. Lugha zote ni watoto wa mama mmoja katika kukosea, na makosa mengine huwa sheria.

Zaidi ya yote liko jambo la adabu. "Demand" kwa Mfaransa, katika lugha yake, ni kuuliza au kuomba tu. Lakini lilipovuka bahari na kukaa Uingereza likawa ni kudai kwa nguvu. Mwalimu aliyeandika kwa wakubwa wake kwamba "ana-demand" ruhusa ya siku mbili, alidhani ameomba kwa unyenyekevu, nao wakasoma ya kuwa anawatisha. Ruhusa alinyimwa, na mpaka leo adhani ya kuwa alichukiwa. Hakuchukiwa, neno lake lilimtangulia likagombana naye mlangoni.

USHAURI WETU

Mtu atasema, "Tutanunua kamusi." Vema, nunueni. Lakini jueni jinsi kamusi zenyewe zilivyofanywa. James Murray, mtu wa Scotland, alianza mwaka 1879 kuisimamia kamusi kubwa ya Oxford. Aliwaomba wasomaji katika nchi nyingi wamletee vikaratasi, na katika kila kikaratasi waandike neno pamoja na sentensi walimolikuta. Vikaja mamilioni, akavipanga katika kibanda bustanini mwake. Alifariki mwaka 1915 kabla ya kumaliza, na wenzake wakaimaliza mwaka 1928. Ilikuwa na maneno zaidi ya 400,000, na sentensi za ushahidi kiasi cha 1,800,000. Yaani kwa kila neno waliita mashahidi wengi kabla ya kutoa hukumu, nasi tulihukumu bila kumwita hata mmoja.

Basi walimu na wazazi, fanyeni kama Murray, kwa kiasi chenu. Kata vikaratasi vya daftari lililokwisha, uvitie katika kopo. Mtoto akikuta neno geni asiandike neno na tafsiri yake tu, bali aiandike sentensi nzima. Kisha na aulize mambo matatu. Shina lake ni lipi, na limekatwa wapi? Sentensi ya kabla na ya baada zasema nini? Na je, mtu mwenye adabu angelisema neno hili kwa mkubwa wake? Jioni moja katika juma, mama au baba na achomoe vikaratasi vitano, watoto waeleze. Asiyejua Kiingereza pia aweza kusaidia, kama yule mzee wetu, kwa kuuliza, "Je, maneno haya yapatana na yaliyotangulia?"

Ama ile barua, baba wa kijana aliitoa sandukuni akatupa. Tuliitafsiri yote, neno kwa neno lake, tukatia tafsiri pamoja na barua katika bahasha, na pamoja nazo maneno yetu ya kuomba radhi, tukampelekea mjini. Nafasi ya ghala ilikuwa imekwisha jazwa, wala hatukuweza kumrudishia. Baada ya muda alituandikia kwa Kiswahili. Alisema amepata kazi, na ya kuwa barua ile sasa aiweka karibu. Mwishoni aliongeza, "Mwalimu, msamaha wangu ni 'invaluable'. Nakuomba ulisome vema neno hilo."

Tumelisoma vema.